Ijumaa ya Skrini za Bluu: Kutoka Kambarage Hadi Geita

Kuhusu Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, Kambarage, kata ya mjini Shinyanga, kuna hadithi mbili, na haziwezi kuwa za kweli zote mbili. Ya kwanza inasema siku hiyo kompyuta za mji wa Shinyanga ziligoma, huduma za fedha zikasimama, na waliofanya hivyo ni wadukuzi wa nje. Ya pili inasema dunia ilipoanguka sisi hatukuguswa hata kidogo, kwa sababu mashine zetu ni za zamani na intaneti yetu ni ya kubahatisha. Zote mbili nimesimuliwa na watu wazima wenye akili timamu, kwa uhakika uleule. Nani kati yao aliona, na nani alisikia tu?

Kuna mambo yasiyo na ubishi. Saa 1:09 asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni moja ya Marekani inayouza programu za ulinzi wa kompyuta ilirusha faili dogo kwa wateja wake duniani kote. Saa 2:27 ililiondoa. Katika dakika hizo 78, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zililipokea, zikazima, zikawaka, zikaonyesha skrini ya bluu, zikazima tena. Safari za ndege zaidi ya 5,000 zilifutwa siku hiyo. India, baadhi ya abiria walipewa pasi za kupandia ndege zilizoandikwa kwa kalamu. Uingereza, kituo cha televisheni kilitoka hewani kwa saa kadhaa na madaktari wengi wakashindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa. Ikaitwa siku dunia iliposimama, ilhali mashine zilizoathirika hazikufika hata asilimia 1 ya kompyuta zote za Windows. Ikiwa zaidi ya mashine 99 katika kila 100 zilipona, kwa nini Kambarage ijione ya pekee kwa kusalimika?

Saa ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi, na steshenari nyingi hupandisha milango yake baada ya hapo. Faili lilikuwa njiani mpaka saa 2:27. Kompyuta iliyowashwa saa 3 haikukutana nalo kabisa, hata kama ilikuwa na programu hiyohiyo. Mtu anayeniambia mashine yake iligoma saa 5, foleni ikiwa imeshafika mlangoni, anaeleza tatizo jingine. Kambarage nzima, ni nani anayekumbuka saa, si siku tu?

Nilianza kwa fundi. Nje ya mkoa Kambarage inajulikana kwa uwanja wake wa mpira, lakini mitaa inayouzunguka ina steshenari, mawakala wa fedha na mafundi wa kompyuta wanaokaa kwenye vibanda vya upana wa meza moja. Huyu niliyempata ana sifa moja ambayo mtafutaji habari huiombea: anaandika. Kila mashine inayoingia inapata mstari kwenye daftari la mistari lenye jalada gumu: tarehe, aina ya mashine, ugonjwa, bei. "Kaka, mimi naweza kusahau," aliniambia, "daftari halisahau." Tukafungua ukurasa wa tarehe 19 Julai 2024. Printa, wino. Laptopu, chaji. Laptopu, kupiga Windows. Hakuna skrini ya bluu. Tukafungua Jumamosi, kisha Jumatatu. Hakuna. Ukimya wa daftari la fundi wa mtaani unathibitisha nini hasa?

Unathibitisha kidogo sana. Programu iliyoleta balaa lile haiuzwi steshenari wala haiwekwi na fundi kwa shilingi elfu kumi. Inauzwa kwa mashirika makubwa, kwa mikataba, na kompyuta yenye programu hiyo ikiugua haibebwi kwenye mfuko wa rambo kupelekwa kwa fundi wa karibu na uwanja. Ina watu wake wa TEHAMA, wengine wakiwa Dar es Salaam, wengine nje ya nchi. Daftari la Kambarage linaweza kuwa safi hata kama ofisi ya jirani ilikuwa inaungua. Basi walioapa kwamba waliona mambo yamesimama, waliona nini?

Mama mmoja wakala wa huduma za fedha alinijibu bila kusita. "Mwanangu, siku ile hata ujumbe wa WhatsApp haukwenda. Watu wanataka kutoa hela, mimi nawaangalia tu." Alikumbuka joto, alikumbuka wateja waliomtolea maneno. Nikamuuliza alikuwa ametoka wapi asubuhi hiyo. Kanisani, akasema. Tarehe 19 Julai ilikuwa Ijumaa. Lakini tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa Jumapili, na siku hiyo nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na intaneti iliendelea kusuasua kwa siku kadhaa. Ule ulikuwa waya uliokatika, hauna uhusiano wowote na programu ya ulinzi. Mama yule hakudanganya hata neno moja. Shuhuda ngapi za Julai ni shuhuda za Mei zilizovaa tarehe mpya?

Kama programu ile ilikuwepo popote upande wetu huu, akili inaelekeza kwenye migodi mikubwa, kwa sababu kampuni zinazoendesha kazi katika nchi nyingi hupenda kompyuta zao zote zilindwe na programu moja inayosimamiwa kutoka makao makuu. Nikashika njia ya Tinde, Isaka, Kahama, kisha Kakola kuelekea Geita. Ni nchi ya mawe na mashamba ya pamba, na ukikaribia Geita unaanza kusikia makarasha yakisaga mawe ya wachimbaji wadogo. Kwenye lango la mgodi mmoja nilipokewa kwa adabu, nikapewa kiti, nikaambiwa niandike barua. Njia ikaishia hapo. Lakini dhahabu haikai nyuma ya lango peke yake. Je, wanaoinunua na kuiuza mjini waliona nini Ijumaa ile?

Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na wafanyabiashara wake wanaishi kwa kuangalia bei ya dunia kwenye simu. Mmoja wao alinionyesha bei alizoandika mwenyewe. "Siku zile mbili tatu nazikumbuka vizuri, mkuu. Kompyuta za dunia zilizima, dhahabu ikaporomoka." Nililinganisha na rekodi za soko. Kweli, tarehe 17 Julai dhahabu ilifika zaidi ya dola 2,480 kwa wakia, kiwango ambacho haikuwa imewahi kukifikia kabla ya hapo, na Ijumaa ya tarehe 19 ilirudi hadi karibu na dola 2,400. Tarehe yake ni sahihi, na bei yake ni sahihi. Ila wachambuzi wa soko siku ile walitaja dola iliyopata nguvu, na wafanyabiashara waliokuwa wanauza ili wavune faida ya kilele cha juzi yake. Shahidi akiwa sahihi kwa siku na kwa bei, halafu akateleza kwenye sababu, tumpime kwa kipi?

Sababu ndiyo mahali hadithi zote zinapoharibika. Tuchukue ile ya wadukuzi. Inavutia, kwa kuwa uharibifu mkubwa hutaka adui mkubwa. Lakini hakuna aliyevamia. Ripoti ya kiufundi ya kampuni husika, iliyotolewa tarehe 6 Agosti 2024, ilikiri kosa la ndani kwa namba kavu: kanuni mpya za kugundua hatari zilikuwa na sehemu 21 za kujazwa, ilhali programu iliyokuwa kwenye kompyuta za wateja ilitoa taarifa za sehemu 20 tu. Ni kama karani aliyeambiwa asome mstari wa 21 kwenye ukurasa wenye mistari 20. Programu ilinyoosha mkono kwenye kumbukumbu isiyokuwa yake, na kwa sababu ilikuwa inafanya kazi ndani ya kiini cha Windows, haikuanguka peke yake, ilianguka na kompyuta nzima. Kifaa cha kukagua mafaili kabla ya kutumwa nacho kilikuwa na kasoro, kikalipitisha. Kisha faili likaenda kwa wateja wote kwa mkupuo. Kwa nini programu ya kampuni nyingine ikaribishwe mpaka ndani ya kiini?

Hapo nilikutana na hadithi ya tatu, inayosema kosa ni la Ulaya: kwamba makubaliano ya mwaka 2009 yalilazimisha kiini cha Windows kiachwe wazi. Nimeipima kwa makini, maana ina nusu ya ukweli. Makubaliano yapo. Yanataka watengenezaji wengine wa programu za ulinzi wapewe nyenzo zilezile zinazotumiwa na programu za ulinzi za mwenye Windows. Hayasemi ni lazima nyenzo hizo ziwe ndani ya kiini. Kulikuwa na mlango wa kujenga kitu salama zaidi kwa wote. Wanaopenda kiini wana hoja pia, kwa sababu ukilinda kutoka nje, kirusi kinaweza kukuwahi ndani. Sioni anayestahili kubebeshwa mzigo huu peke yake. Lakini je, ni mara ya kwanza mlinzi kumwangusha anayemlinda?

Si mara ya kwanza, na hapa daftari la fundi likaanza kuwa na thamani ambayo sikuitarajia. Tarehe 21 Aprili 2010 programu maarufu ya antivairasi ilipokea sasisho lililoitambua vibaya svchost.exe, faili halali na la lazima katika Windows XP. Ikalichukulia kuwa kirusi. Kompyuta zikazima na kuwaka bila kikomo. Hospitali za Rhode Island zikapunguza wagonjwa wa kupokea, polisi wa Kentucky wakazima kompyuta za magari ya doria, maduka makubwa ya Australia yakafunga sehemu ya kaunta zake. Fundi wa Kambarage anayo madaftari ya miaka hiyo, yameliwa na mchwa pembeni. Mwishoni mwa Aprili 2010 kuna mstari: Dell, XP, inazima na kuwaka, haifiki mwisho. Damu ilinisisimka. Je, balaa la 2010 lilifika Shinyanga?

Sina budi kujibana hapa. Pembeni ya mstari ule fundi aliandika neno moja, umeme, na mwenyewe anashikilia kwamba mashine ilipigwa na umeme uliorudi kwa nguvu. Yeye aliishika mashine ile kwa mikono, mimi nashika karatasi. Isitoshe, sasisho la 2010 lilitoka wakati kwetu ni alasiri, ofisi zinafungwa. Na njia yenyewe ilikuwa nyembamba: waya wa kwanza mkubwa wa baharini wa ukanda wetu ulifika Dar es Salaam Julai 2009 tu, na bara huku wengi walikuwa bado wanasasisha antivairasi kwa flashi. Fundi alipakua faili penye intaneti nzuri, akalizungusha ofisi kwa ofisi, mara nyingine likiwa limeshapitwa na wakati. Ucheleweshaji ule uliacha kompyuta nyingi zikitafunwa na virusi vya flashi. Je, uliweza pia kuzikinga na dawa mbovu, kwa sababu tu habari mbaya ilitangulia kufika?

Hili ndilo linalowapa nguvu wanaosema uzee wa mashine zetu ulituokoa. Wana ndugu zao Marekani. Baada ya tarehe 19 Julai ilisambaa hadithi kwamba shirika moja la ndege lilipona kwa kuwa bado linatumia Windows 3.1, ya miaka ya mwanzo ya 1990. Ilirudiwa kila mahali, na haikuwa kweli. Kompyuta hazikupona kwa uzee. Zilipona kwa sababu hazikuwa na programu ile, au hazikuwa zimewashwa dakika zile. Kambarage nimeona kompyuta mpya kabisa zenye Windows ya karibuni, na hazikuguswa. Tunapoupa uzee heshima ya ulinzi, tunajipa ruhusa ya kuacha nini bila kutengenezwa?

Mzee mmoja, karani mstaafu, alinirudisha nyuma zaidi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa utulivu, "Sisi kompyuta tulishazifukuza." Alikuwa anazungumzia mwaka 1974. Kompyuta ya kwanza ya nchi hii ilifungwa serikalini mwaka 1965. Miaka tisa baadaye uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Katika kata inayobeba jina la Baba wa Taifa, hadithi hiyo husimuliwa kama hofu ya teknolojia. Kumbukumbu zinasema jambo jingine: hesabu za serikali zilizohamishiwa kwenye kompyuta zilivurugika, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na waliokuwa na uwezo wa kuzitengeneza mashine hizo walikuwa wageni wachache. Marufuku yenyewe haikuwa ya kufunga kabisa, kulikuwa na kamati ya kuchambua maombi ya waliotaka kuingiza. Naona uchungu wa mtu aliyekabidhiwa mashine asiyoweza kuifungua. Mwaka 2024, kompyuta ikigoma hapa, nani anaweza kuifungua?

Nilimwomba fundi anionyeshe tiba ya Ijumaa ile. Hakuwahi kuitoa kwa mteja, lakini anaijua. Akachukua laptopu ya kazi, akaizima kwa nguvu mara kadhaa inapoanza kuwaka, mpaka ikaleta ukurasa wa matengenezo. Akachagua kuwasha kwa hali salama, ile inayoacha draiva nyingi zimelala. Akafungua folda ya draiva ndani ya System32. "Ingekuwa hapa," akasema, akiweka kidole kwenye skrini. Kwenye mashine zilizougua, humo ndimo kulikuwa na faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291. Unalifuta, unawasha upya, umemaliza. Kwa mashine moja ni kazi ya dakika chache. Lakini kompyuta isiyoweza kuwaka haipokei amri kutoka mbali, kwa hiyo nyingi zilihitaji mtu aliyekaa mbele yake. Baadhi zilipona kwa kuwashwa tena na tena, hata mara 15, mpaka zikawahi kupokea faili jema kabla ya kuanguka. Kufikia tarehe 29 Julai kampuni ilisema karibu asilimia 99 zimerudi. Kama tiba ilikuwa kufuta faili moja, siku kumi zilikwenda wapi?

Nyingi zilikwama kwenye kufuli. Diski za kompyuta za ofisi siku hizi hufungwa na BitLocker, na ukitaka kuingia kwa mlango wa matengenezo unadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Unaandikwa kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu, na ukikosea unarudia. Ofisi nyingine zilikuwa zimehifadhi funguo kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka. Fundi aliposikia nikitaja tarakimu 48, aliinua kichwa. "Hiyo naijua," akasema. "Hiyo ilikuja hapa." Ilikuja lini?

Tukarudisha kurasa nyuma ya tarehe 19. Katikati ya Julai 2024 kuna mstari mmoja: laptopu, mwalimu, skrini ya bluu, inadai namba ndefu, mwenyewe hana. Hiyo skrini ya BitLocker ni ya bluu pia. Na tarehe 9 Julai 2024, siku kumi kabla ya Ijumaa maarufu, lilitoka sasisho la kawaida la usalama la Windows ambalo lilifanya baadhi ya kompyuta zianze kudai ufunguo huo bila sababu. Mtengenezaji alikiri tatizo mwezi uleule, na marekebisho yakatoka tarehe 13 Agosti. Sasisho lile halikuwa la mashirika makubwa tu. Lilikwenda kwa kila mwenye Windows inayopokea masasisho, akiwemo mwalimu wa Kambarage anayeunganisha laptopu kwenye bando la simu. Skrini ya bluu inayotajwa Kambarage inaweza kuwa ilionekana kweli, Julai hiyohiyo, ila ikitoka kwenye kosa jingine ambalo dunia haikulipa jina?

Siwezi kufunga mjadala kwa mstari mmoja wa daftari. Skrini ile hujitokeza kwa sababu nyingi, hata fundi akibadilisha kitu kidogo kwenye mipangilio ya kuwasha. Ila mstari huu unakaa vizuri na tarehe, unakaa vizuri na aina ya mashine, na unaeleza ile rangi ya bluu bila kuhitaji wadukuzi wala benki kusimama. Kwangu una uzito kuliko hadithi zote mbili nilizoanza nazo. Na mwalimu, laptopu yake iliishia wapi?

Nilimpata kupitia fundi. Ndani ya laptopu kulikuwa na maandalio ya masomo, alama za wanafunzi, na picha za msiba wa mama yake. Ufunguo upo, haujapotea. Huhifadhiwa kwenye akaunti ya mtandaoni iliyotumika kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza. Laptopu aliinunua imetumika, kwa mtu aliyeileta kutoka Dar es Salaam, ikiwa imeshawashwa na kuandaliwa, na aliyeiandaa alitumia barua pepe yake. Fundi alitaka kuipiga Windows upya, jambo ambalo lingefuta kila kitu, na mwalimu akakataa. Bado ameitunza kabatini. Namba ya muuzaji aliyonayo haipatikani tena, lakini risiti anayo, na ina jina la mtaa wa Kariakoo na chumba cha duka. Yupo atakayekwenda kubisha hodi pale, akaulize ni barua pepe ya nani?